Laminarini: akiba ya mwani wa kahawia

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Leo ni laminarini, na kabla hamjaanza kufikiria mwani wa akina mama wa Paje, ule ni mwekundu, unatafutiwa karajini, ile ya kugandishia vyakula, hii ni habari nyingine kabisa. Laminarini iko kwenye mwani wa kahawia, hasa ile mikubwa ya bahari za baridi, Norway, Ireland, Bretagne kule Ufaransa. Schmiedeberg, Mjerumani, ndo aliyeigundua mwaka 1885.

Muhogo unaweka wanga, mwani huu unaweka laminarini, zote ni glukosi zimeshikana ila zimeungwa tofauti, na mnyororo wa laminarini ni mfupi, glukosi kama 25 hivi. Dondoshea ayodini kwenye unga wa muhogo, bluu inakolea hadi nyeusi, dondoshea kwenye laminarini, wapi, hamna kitu.

Sasa mimi ninachopenda ni hiki, kuna mwani unaitwa Laminaria hyperborea, jua likiwepo unajilimbikizia weee, halafu giza la baridi likiingia jani jipya linachipua kati ya shina na jani la zamani, linakula akiba ya mzee, unakuta jani kuukuu limekaa juu ya kinda kama kofia mpaka mawimbi ya masika ya kule yaling'oe.

Matumizi je? Shambani. Watu wa korosho mnaujua ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu, mnapulizia salfa inaua kuvu, sawa? Ngano nayo ina ubwiriunga wake, huo wanaupulizia laminarini, ila laminarini haiui kitu, nasema tena haiui! Ukuta wa kuvu una glukani, yaani minyororo ya glukosi, zinazofanana nayo, kwa hiyo ukipulizia mmea unadhani umeshavamiwa na unaamsha kinga zake, ndo maana lazima upulizie mapema, ugonjwa ukishatapakaa umechelewa bana. Ulaya waliipitisha kama kiuatilifu mwaka 2005, jina lenyewe naona halijakaa sawa kwa kitu kisichoua, ila ndo sheria. Wanatumia pia kwenye tufaha na stroberi.

Dada pale anauliza tukiila je. Sisi hatuna kimeng'enya cha kuikata, inapita hadi utumbo mpana, bakteria wa huko ndo wanaichachusha, yaani umekula wewe wanaoanza kushiba ni wao.