Shahada ya Huduma za Jamii Nchini Marekani: Unalipa Nini na Unapata Kazi Gani

Wazazi wangu, shikamooni. Wadogo zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, salamu nyingi. Leo ninaomba tuzungumze kwa utulivu kuhusu shahada ya huduma za jamii inayotolewa na vyuo vya Marekani, kwa sababu ninaona familia zikianza kuchanga ada punde tu barua ya udahili inapofika, kabla ya mtu yeyote kuuliza ni kazi gani hasa inayomngoja kijana akihitimu.

Shahada hii humwandaa mtu kuwahudumia wazee, watu wenye ulemavu, watoto wasio na walezi, waraibu wanaotaka kuacha dawa za kulevya na familia zilizopoteza makazi. Mhudumu huyu ndiye anayemsaidia mteja kujaza fomu za msaada, kumtafutia pa kulala, kumuunganisha na daktari, na kufuatilia kama ahadi alizopewa na ofisi mbalimbali zimetimizwa. Ni kazi ya heshima, nami ninaithamini kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki mtu aiingie bila kuona hesabu zake.

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilionyesha kwamba mnamo Mei 2023 mshahara wa kati wa wasaidizi wa huduma za jamii ulikuwa dola 41,410 kwa mwaka kabla ya kodi, maana yake nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Ofisi hiyo hiyo inaeleza kwamba elimu inayohitajika kwa kawaida kuianza kazi hiyo ni cheti cha sekondari. Tafadhali lisikilizeni jambo hili vizuri: mhitimu wa miaka minne anaweza kujikuta anagombea nafasi moja na mtu aliyeishia sekondari na kupata mafunzo akiwa kazini. Shahada humfaa zaidi baadaye, anapotaka kuwa meneja wa mradi au wa kituo, ambako mshahara wa kati mwaka huo ulikuwa dola 77,030. Lakini nafasi hizo huhitaji pia uzoefu wa kazi, na hazitolewi kwa mtu aliyetoka darasani jana.

Katikati ya ngazi hizo mbili wapo maofisa ustawi wa jamii, ambao mshahara wao wa kati ulikuwa dola 58,380, na hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Shahada ya huduma za jamii na shahada ya ustawi wa jamii zinafanana kwa masomo mengi, lakini mbele ya bodi za leseni haziko sawa, kwa sababu kwa kawaida leseni ya ofisa ustawi hutolewa kwa mtu aliyesoma ustawi wa jamii katika programu yenye ithibati ya baraza linaloitwa CSWE. Mwenye shahada ya kwanza yenye ithibati hiyo anaweza kupunguziwa masomo ya uzamili, akamaliza kwa takriban mwaka mmoja badala ya miwili, ilhali mwenzake wa huduma za jamii huanza uzamili wote kuanzia mwanzo. Baada ya uzamili, anayetaka kutoa tiba ya kisaikolojia kwa kujitegemea hulazimika kufanya kazi chini ya usimamizi, katika majimbo mengi kwa takriban saa 3,000, kisha afanye mtihani. Kama moyo wako uko kwenye ushauri nasaha na tiba, ni heri kuingia kwa mlango wa ustawi wa jamii tangu mwaka wa kwanza.

Tuje kwenye ada. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, wastani wa ada iliyotangazwa na vyuo vikuu vya umma vya miaka minne ulikuwa dola 11,260 kwa mkazi wa jimbo na dola 29,150 kwa asiye mkazi, na mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huwekwa katika kundi hili la pili. Kwa miaka minne hiyo ni zaidi ya dola 116,000, bila chakula, pango wala bima ya afya. Ada ya mwaka mmoja pekee inazidi theluthi mbili ya mshahara wa mwaka niliowatajia wa wasaidizi.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, uzito unaongezeka. Hawezi kupata mkopo wa wanafunzi wa serikali kuu, na wakati wa muhula anaruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki. Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo, mara nyingi hayalipwi, na yakifanyika nje ya chuo huhitaji kibali kabla ya kuanza. Akihitimu anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12, wakati wenzake wa sayansi na teknolojia wanaweza kuongezewa miezi 24, nyongeza ambayo haiwahusu wa huduma za jamii. Kisha linakuja suala la viza ya kazi ya H-1B, inayodai kwamba kazi yenyewe kwa kawaida ihitaji shahada katika fani mahususi. Mwajiri ataithibitishaje haja hiyo kwa nafasi inayoweza kujazwa na mwenye cheti cha sekondari? Kwa maoni yangu, hili ni zito kuliko ada, kwa kuwa ada inaweza kufadhiliwa, lakini sheria ya uhamiaji haina mfadhili.

Aliyekuja na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, yuko katika hali tofauti kabisa. Anaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na akishatimiza masharti ya ukazi wa jimbo anaweza kuanza miaka miwili ya kwanza katika chuo cha jamii (community college), yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ambako wastani wa ada kwa wakazi ulikuwa dola 3,990 kwa mwaka, kisha ahamie chuo kikuu cha umma. Akiajiriwa muda wote na serikali au shirika la hisani linalokubalika, mpango ulioanzishwa mwaka 2007 unaweza kumfutia salio la mkopo wake wa serikali kuu baada ya malipo 120 yanayotambuliwa. Kwa mtu huyu, shahada ya huduma za jamii inaweza kulipa, hasa ikiwa tayari anafanya kazi katika kituo cha huduma na mwajiri wake anachangia karo.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujatuma malipo ya kwanza, mwandikie chuo barua pepe na uulize mambo matatu: je, programu hii ina ithibati ya CSWE, je, katika jimbo hilo mhitimu wake anaweza kuomba leseni gani, na je, wanafunzi wa kigeni waliohitimu hivi karibuni wameajiriwa katika nafasi zipi. Omba majibu kwa maandishi. Chuo kikijibu kwa maneno ya jumla kuhusu wito na fursa bila kutaja leseni wala nafasi yoyote, usitume fedha hizo mpaka majibu kamili yafike.