Cherehani Iliyouzwa Kimyakimya

Mliokwisha kuisikia hadithi ya cherehani mnivumilie. Naisimulia kila nikipewa kipaza sauti, na bado watu hawanielewi.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Siku hiyo mume na mke wanagombea nyumba ya vyumba vitatu, talaka imeshatoka. Mama akasema: "Mheshimiwa, niliuza cherehani yangu huyu akalipa ada ya chuo." Mwanaume akageuka, akamtazama: "Wewe si uliniambia imeharibika, iko kwa fundi?"

Mahakama kimya. Mama akawa anakunjakunja pindo la kanga. Miaka 11 anadai deni ambalo mdaiwa hajui kama anadaiwa! Akinuna, cherehani. Chakula kisiposifiwa, cherehani. Na mwanaume wa watu anajiuliza kakosa nini.

Kaka zangu wa nyuma mnacheka. Mliokataa uhamisho wa cheo ili mke asiache kazi yake, halafu mkamwambia "bosi kaghairi", nanyi ni walewale.

Najua kuna mama ataniambia: ukisema unachojinyima, hayo ni masimango. Hapana, mama. Masimango ni kuyatoa baada ya miaka 11, tena mbele ya hakimu. Ukisema mapema, "Baba Fulani, nataka kuuza cherehani, unaonaje?", hayo ni mazungumzo. Pengine angekataa. Pengine angekopa kazini. Alinyimwa hata nafasi ya kukataa!

Sheria sasa, chapuchapu, maana mwenyekiti anaangalia saa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114: katika kugawa mali, mahakama inatazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Hiyo mnaipenda, ila mnaisoma nusu! Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwani mahakama iliona pesa alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi alizitapanya. Kifungu cha 59, cha kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzio, nilikiandalia ukurasa mzima. Basi, mtaniuliza nje.

Aa, cherehani aliinunua nani? Jirani, nyumba ya tatu. Yule baba suruali zake za kazini alikuwa akizipeleka hapohapo kupunguzwa.