Ndani ya nyumba ya asili ya Kyoto: milango inang'oka, chumba kinabadilika

Haya ndugu zangu, wa Dar, Mombasa, Bujumbura, popote mlipo, karibuni. Leo nipo Kyoto, Japani, ndani ya machiya, zile nyumba za mbao ambazo wafanyabiashara na mafundi wa mji huu waliishi na kufanyia kazi humohumo. Viatu nimeviacha pale chini mlangoni.

Tazameni chumba hiki. Hakina kitanda wala sofa. Usiku wanatandika magodoro hapahapa chini. Asubuhi wanayakunja, wanayaingiza kwenye kabati la ukutani, oshiire, na chumba kinakuwa sebule. Ikiletwa meza fupi, mnakula hapa.

Sasa milango, maana hapa ndipo ninapowavulia kofia. Huu unateleza kwenye mfereji wa mbao, kwa hiyo haudai nafasi ya kufungukia. Nikiunyanyua kidogo hivi... umetoka! Hauna bawaba. Kukiwa na shughuli, wanaitoa yote na vyumba viwili vinakuwa ukumbi. Kiangazi cha Kyoto ni joto la jasho, milima imeuzunguka mji pande tatu, basi wanaondoa milango ya karatasi na kuweka ya matete ili upepo upite. Na upenu ule mrefu wa paa unazuia jua la kiangazi likiwa juu, lakini la majira ya baridi, kwa kuwa liko chini, linaingia mpaka ndani.

Kilichonigusa zaidi ni vipimo. Mkeka huu mnene, tatami, kwa Kyoto una kama sentimita 191 kwa 95, na chumba kinajengwa kuufuata. Ndiyo maana zamani kule mji wa Osaka mpangaji aliweza kuhama na mikeka na milango yake, akaipachika kwenye nyumba mpya na ikakaa sawasawa. Mafundi seremala mnaonisikiliza, hebu lifikirieni hilo!

Najua mtauliza kuhusu baridi. Januari humu ndani ni baridi kweli, na sauti ya chumba cha pili unaisikia yote. Wanakaa kwenye meza yenye hita chini yake, blanketi miguuni.

Twendeni nyuma tukaone kiua cha wazi. Ni kidogo, lakini nyumba hizi ni nyembamba na ndefu, ubavuni zimebanana na za majirani, kwa hiyo mwanga na hewa ya vyumba vya katikati vinatokea hapa.