Kutunza kasha la kamera la chini ya maji: anza na oringi

Haya wadau karibuni, leo tunashughulika na kasha la kamera, hili tunaloingia nalo baharini, na hasa nawalenga nyie mnaowapiga video wageni Mnemba na kule Mafia msimu wa papa potwe, Oktoba mpaka Februari, maana hapo kamera inaingia majini kila siku na mtu akitoka analimwagia maji ya bomba mara moja, analianika juani, basi kamaliza. Hapana jamani, tusifanye hivyo.

Kwanza kaa mezani, sio kwenye boti, nawa mikono ikauke, fungua kasha. Sogea uone hii oringi, huu mpira mwembamba unaozunguka mlango. Ukishuka mita 10 tu presha inakuwa mara mbili ya ile ya juu, na kinachozuia maji ni huu mpira ukiwa umekaa safi kwenye mfereji wake. Unywele mmoja ukilala hapo, maji yameshapata njia.

Kuutoa usitumie kisu wala sindano, ukiukwaruza umekwisha. Ubane kwa vidole viwili, usukume kuelekea katikati mpaka uinuke hivi, sasa uvute taratibu. Halafu upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, fumba macho kabisa ukitaka, vidole vinagundua mchanga ambao macho hayauoni. Hapa mnaona? Kuna kachumvi keupe kamegandia, kenyewe kadogo lakini kana makali. Suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukishakuta ufa au mpira umebonyea bapa nunua mwingine usibishane nao.

Mfereji futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tishu hapana.

Grisi sasa, na hapa wengi wanapaka kama mafuta ya chapati. Grisi haizibi maji, kazi yake mpira uteleze ukae sawa, ikizidi inakamata mchanga. Paka kidogo sana mpaka mpira ung'ae tu. Vaselini usiguse, inaharibu mpira. Na kama oringi yenyewe ni ya silikoni, grisi ya silikoni ya kawaida inaweza kuivimbisha, tumia ile iliyokuja na kasha, na kuna makasha hayatakiwi grisi kabisa kwa hiyo soma karatasi yake.

Rudisha mpira bila kuupinda, weka tishu kavu ndani (hapa ndipo tishu ina kazi), funga kasha likiwa tupu bila kamera, lizamishe kwenye ndoo dakika kadhaa. Mapovu yakitoka mfululizo au tishu ikilowa, rudia kusafisha. Na usidhani ukiogelea juujuu uko salama, huko presha ni ndogo haijaukandamiza mlango vizuri, maji mengi huingia hapo hapo.

Kamera iingize ndani ya kasha ukiwa kwenye chumba chenye AC kama unacho, hewa ya pwani ina unyevu na kamera ikipata joto huku bahari inapoza kioo, ukungu unajaa picha zote zinaharibika. Tupia na kile kipakti cha silika jeli kinachonyonya unyevu, ila kisiguse oringi.

Ukitoka baharini usiache chumvi ikauke. Kwenye boti lifunike kwa taulo lililolowa, ukifika liloweke kwenye maji baridi nusu saa, kuloweka sio kusuuza, na likiwa ndani ya maji bonyeza kila kitufe mara nyingi maana kila kimoja kina kaoringi kake ndani ambako mkono haufiki, chumvi ikigandia huko kitufe kinakwama kisha kinavuja. Hizo za ndani zikichakaa mpe fundi anayejua makasha.

Juani hapana kwa sababu hewa ya ndani inachemka pamoja na kamera na mpira unazeeka haraka. Kausha kivulini, lifute, na nywele zako pia zikaushe zisidondoshe maji, fungua mlango ukitazama chini ili matone yaanguke nje.

Kama hulitumii wiki kadhaa, toa oringi iweke kwenye kimfuko safi mbali na joto, au acha mlango bila kufunga lachi, mpira ukibanwa muda mrefu unabaki bapa.