Majibu Yarudi Pwani

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wanafunzi karibuni mbele, viti vipo.

Kamba hii ipitisheni mkono kwa mkono huku nikisema. Ina taitai zake, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, kila moja imeachana na mwenzake shubiri moja, na kwenye nne nimeuacha mwani ungali umefungwa. Lishikeni fundo. Halikazwi, maana mwani ukinyongwa hukatika. Halilegezwi, maana maji yakija kwa nguvu huondoka nao. Mwanamke wa Paje au Jambiani, vijiji vyetu vya pwani ya mashariki ya Unguja, anafunga mafundo hayo kwa mamia, ameinama, maji ya magoti, jua linampiga machoni kutoka juu na kutoka chini. Muulize mwani hunenepa upande gani wa mkondo, atakuonesha kwa kidole. Muulize lini vitawi vilianza kuwa vyeupe na kukatika, atakutajia bamvua gani, yale maji makuu ya kupwa na kujaa, na la mwezi gani. Huyo ndiye mtafiti wa kwanza wa mwani katika visiwa hivi, na ndiye wa mwisho kupewa majibu.

Nililisema hili mwaka jana, na mwaka juzi. Leo nalisema tena kwa sababu sijaona limefanyiwa kazi.

Sitawarudisha kwenye historia mnayoijua. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wetu wa mwani, miaka ya 1970, mbegu kutoka Ufilipino, mashamba ya biashara ya 1989, wakulima zaidi ya 20,000 na wengi wao kina mama: hayo yote mnayo. Nataka niwapeleke mbali kidogo, kisha nirudi.

Kule Japani kuna mwani unaokaushwa ukawa kama karatasi nyeusi, wanaviringishia wali. Mnauona hotelini. Wajapani wamekuwa wakiula na kuulima kwa karne nyingi, lakini hawakuijua asili yake. Wakisimamisha miti na nyavu baharini, majira ya baridi mwani unaota; joto likija unapotea wote. Unakwenda wapi? Hakuna aliyejua. Mwaka mmoja unarudi kwa wingi, mwaka wa pili haurudi, familia inalala njaa. Wakauita majani ya kamari. Na baada ya vita kuu ya pili ukawa karibu hauonekani kabisa.

Wakati huohuo, Manchester, Uingereza, alikuwapo mwanamke anaitwa Kathleen Drew-Baker. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Akaolewa 1928, akapoteza kazi, kwa sababu chuo hakikuajiri mwanamke mwenye mume. Hakwenda nyumbani kukaa. Akaendelea na utafiti bila mshahara. Alikuwa akichunguza mwani wa huko kwao, ndugu wa ule wa Japani, na akaziotesha chembe zake za uzazi kwenye makombe ya chaza. Ndani ya kombe zikaota nyuzinyuzi za rangi ya waridi. Nyuzi hizo zilikuwa zinajulikana tayari! Wataalamu walikuwa wamezipa jina jingine na kuzihesabu kuwa mmea mwingine kabisa. Yeye akaonesha kwamba ni mwani uleule katika sura nyingine. Majira ya joto haupotei. Unajificha ndani ya kombe.

Akaandika matokeo yake 1949, makala fupi tu. Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Makala ile ingeweza kubaki kwenye kabati la Manchester mpaka leo. Haikubaki. Mwanasayansi wa Kijapani, Sokichi Segawa, aliyekuwa akiwasiliana naye, akayachukua yale maarifa. Wenzake wakayajaribu kwa mwani wao, na mtaalamu Fusao Ota huko Kumamoto akatafuta namna mvuvi wa kawaida atakavyoyatumia: unalea nyuzi kwenye makombe, unazitoa chembe zishike kwenye nyavu, nyavu unazipeleka baharini. Miaka michache tu, kamari ikawa kilimo.

Yule mama alifariki 1957. Hakufika Japani hata siku moja. Mwaka 1963 watu wa mwani wakamjengea mnara huko Uto, mkoani Kumamoto, mkabala na bahari, na kila tarehe 14 Aprili wanakusanyika hapo kumkumbuka. Wanamwita Mama wa Bahari. Mzungu wa Manchester, kwa watu ambao hakuwahi kuwaona! Kwa nini? Kwa sababu majibu yalirudi pwani.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua. Japani ni Japani, wana fedha. Mwaka 1949 hawakuwa nazo. Walikuwa wametoka vitani, wana njaa. Wengine mtaniambia wakulima wetu hawakusoma sayansi. Mvuvi wa Kumamoto naye hakukaa kusoma jarida la Kiingereza. Mtu mwingine alikaa akamgeuzia kuwa kazi ya mikono, kwa lugha yake. Hicho ndicho ninachokidai.

Na kuna wale wanaosema mama wa mwani anataka bei, hataki darasa. Sawa, tuzungumze bei. Tunalima aina mbili, kotonii na spinosamu. Zote mbili zinatoa karaginani, ile inayogandisha maziwa ya viwandani na dawa ya meno. Ya kotonii hugandisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hununuliwa ghali zaidi. Sasa hiyo kotonii iko wapi? Imekufa kwenye mashamba mengi. Maji ya kina kifupi yamepata moto, mmea unachoka, vitawi vinakuwa vyeupe, unavunjika. Tumebaki na spinosamu, ambayo ni sugu lakini bei yake sokoni ni ndogo. Kwa hiyo anayeuliza habari za joto la maji ndiye huyohuyo anayeuliza habari za bei. Mtu akikausha kilo saba au nane mbichi apate kilo moja kavu, kisha hiyo moja ailipwe kidogo, ana haki ya kujua kwa nini.

Nikwambieni kisa kimoja. Miaka mingi nyuma nilifuatana na watafiti, sitasema wa wapi. Tulishuka bamvua kubwa, tukajaza chupa, tukapima joto, tukakata vitawi, tukapanda gari. Baada ya mwaka nilipita kijiji kilekile kwa shughuli ya harusi. Bibi mmoja alikuwa uani kwake akipiga makumbi, akanitazama, akanitambua. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mwanangu, yale maji yetu yalisemaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Majibu yalikuwapo, yalikuwa yamechapishwa, kwa lugha asiyoijua, mahali asipopafikia. Na maji yalikuwa yake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo mno, na ndiyo maana sina subira nalo. Kila anayechukua sampuli pwani arudi na karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, aisome kwa sauti pale ufukweni watu wanaposubiri maji yatoke. Asiyetaka kurudi asipewe ruhusa ya kushuka.

Muda unanikimbia. Nilitaka tuzungumze kilimo cha maji ya kina kirefu, kinachotaka chombo na kujua kuogelea, lakini nakiacha. Niliahidi pia kugusa sanaa ya mwani, kwa hiyo niiguse.

Mwaka 1843, Uingereza, Anna Atkins, mwanamke mtaalamu wa mimea, alianza kuchapa kitabu cha mwani ambacho hakuna aliyechora hata mstari. Alipaka karatasi dawa yenye chumvi za chuma, akalaza mwani juu yake, akaweka juani, kisha akaiosha kwa maji. Palipofunikwa na mwani pakabaki peupe, kwingine kote pakawa buluu kama kaniki. Kila kitawi kimeonekana kwa umbo lake na ukubwa wake. Kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya picha za kamera duniani, ingawa kamera yenyewe haikutumika.

Karatasi, jua, maji. Sisi tuna nini zaidi ya jua na maji? Wanafunzi wa shule za pwani wangeweza kulaza kitawi kimoja kutoka shamba la mama zao kila bamvua, waandike tarehe na jina la shamba. Baada ya mwaka unazipanga ukutani, na mwenye shamba mwenyewe, hata kama hajui kusoma, ataona mwani wake ulipoanza kukonda. Nimekuja na karatasi hamsini zilizokwisha kupakwa, zimo kwenye bahasha nyeusi mlangoni. Msizifungue humu ndani, mwanga utaziharibu. Walimu, chukueni kumi kumi.

Kesho maji yanakupwa saa nne asubuhi, na kina mama wa Jambiani wamekubali tushuke nao. Kamba yangu imefika wapi?