Nge Mmoja Anatosha

Hamjambo. Naona madaftari yameshafunguliwa, basi tuanze umbo la masharti la Kihispania kwa kazi nyepesi. Chukueni kitenzi cha Kihispania kama kilivyo kwenye kamusi: hablar, kusema. Msikate kitu. Wakati uliopo hututaka tung'oe ile -ar kwanza, lakini hapa kitenzi kinabaki kizima, mnakibandika mkia tu: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Hablaría, ningesema. Hablarías, ungesema. Hablaríamos, tungesema. Comer, kula, na vivir, kuishi, vinavaa mikia hiyo hiyo: comería, viviría. Hata ir, kwenda, na ser, kuwa, vinavyotutoa jasho kwingine kote, hapa vimetulia: iría, sería. Wapo wakaidi kama kumi na wawili, akina tendría (ningekuwa na) na haría (ningefanya). Wao hubadilisha shina, mkia hawaugusi. Tutawakuta wiki ijayo.

Ila msimeze silabi. Vivía ni "nilikuwa nikiishi", viviría ni "ningeishi".

Mkia wenyewe umetoka kwenye kitenzi haber, "kuwa na", katika wakati uliopita, había. Kilichakaa kwa kutumiwa hadi kikabaki -ía. Zamani kiungo kilikuwa bado kinaonekana. Katika Mio Cid, utenzi wa kale wa Kihispania, shujaa anaingia mji wa Burgos, Hispania, akiwa amefukuzwa na mfalme, na wenyeji wanamchungulia madirishani: "conbidar le ien de grado, mas ninguno non osava". Wangemkaribisha kwa moyo mkunjufu, ila hakuna aliyethubutu. Tazameni hiyo le, yaani "yeye". Imekaa katikati, kati ya kitenzi na mkia, kama -m- yetu ilivyobanwa ndani ya wa-nge-m-karibisha. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Leo wanasema le convidarían, na le imetolewa nje.

Sasa tuje kwenye nge wetu, ile -nge- ya ningesema, maana huyu anauma. Kiswahili humweka pande zote mbili: ningepunguza kazi, ningeishi vizuri zaidi. Kihispania humtaka upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa sharti, baada ya si, yaani "kama", huingia umbo jingine kabisa: Si trabajara menos, viviría mejor. Trabajara, siyo trabajaría. Mimi nilisema si tendría tiempo, "kama ningekuwa na muda", miezi mingi, na mwalimu wangu alikuwa akifumba macho kila nikiitamka. Sikuwa mzembe, nilikuwa nawaza kwa Kiswahili, ambamo hilo ni sahihi kabisa.

Na kichekesho ni hiki: nendeni Burgos hiyo hiyo, au Nchi ya Wabaski, mtawasikia wenyeji wakisema si tendría bila wasiwasi wowote. Wao wamezaliwa nayo. Ninyi mkiiandika kwenye mtihani mtakatwa alama.

Kuna mahali pengine ambapo nge wetu hafai kabisa. Serían las diez cuando llegó. Mtu akitafsiri "zingekuwa saa kumi alipofika" amekosea mara mbili. Kwanza las diez ni saa nne. Pili, msemaji hapa anakisia: "ilikuwa kama saa nne hivi alipofika". Vilevile dijo que llegaría mañana: sisi tunasema "alisema atafika kesho", basi, hakuna masharti yoyote. Ndiyo maana mwanasarufi Andrés Bello, katika sarufi yake ya 1847, aliliita umbo hili pospretérito, yaani linalokuja baada ya jambo lililopita, na shule za Mexico bado zinatumia jina hilo. Kwa maoni yangu jina la Bello lina akili kuliko hili la "masharti" tunalolikariri.

Kwenye adabu, mtajisikia nyumbani. Me gustaría preguntarle algo ni "ningependa kukuuliza jambo", neno kwa neno karibu. Lakini ¿Me ayudaría con la maleta?, "ungenisaidia begi?", sisi hatuombi hivyo. Tunasema "naomba unisaidie begi", na yatosha.

Haya, kila mmoja amgeukie jirani yake amuulize angefanya nini akishinda bahati nasibu. Jibu lianze na Si ganara la lotería. Wewe hapo mbele, unasemaje? Compraría un terreno. Kiwanja! Vizuri sana. Anayefuata.