Martha Alipomkimbia Cece

Walimu wangu, wazazi, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma, asanteni kwa kuja. Leo nina kitabu kimoja tu: El Deafo, cha Mmarekani Cece Bell. Kilitoka 2014, na 2015 kikapata heshima ya tuzo ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Ni katuni mwanzo mwisho, na wahusika wote ni sungura. Msicheke. Mtu anayesimulia habari za masikio angemchagua mnyama gani mwingine?

Kisa ni cha mwandishi mwenyewe, miaka ya 1970, jimbo la Virginia. Akiwa na miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini usikivu ukaenda nayo. Shuleni akavalishwa mashine kubwa kifuani, nyaya zikapanda hadi masikioni. Mwalimu naye huvaa kipaza sauti shingoni. Sasa mwalimu akisahau kukizima, Cece anamsikia popote alipo, hadi chooni! Hapo ndipo anapojiona shujaa mwenye nguvu za ajabu, akajibatiza kimoyomoyo hilo jina lililoko kwenye jalada, El Deafo, kutokana na neno la Kiingereza "deaf", yaani kiziwi.

Tazameni ukurasa betri inapokwisha. Maneno ndani ya puto la mhusika yanaanza kufifia, herufi zinapauka, kisha puto linabaki tupu. Mdomo unacheza, hakuna kitu. Mtoto anayesikia vizuri akifika hapo naye anakosa maneno, anakodoa macho kwenye midomo ya sungura. Mimi ningeweza kuwahutubia saa nzima kuhusu uziwi nisifikie pale.

Lakini nililotaka hasa kusema ni la marafiki. Laura ni mbabe. Huyo hatusumbui, kila darasa linaye. Ginny ni mwema, na wema wake ndio unaochosha: kila akisema na Cece anapaza sauti na kuvuta maneno, kana kwamba anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha anakuja Martha, ambaye hana mbwembwe hizo, anacheza tu. Siku moja wako mchezoni, Cece anaumia jicho. Martha anaingiwa na hofu na hatia, anaanza kumkwepa. Uziwi haukuhusika hata chembe katika kuvunjika kwa urafiki huo. Cece anaachwa na mtu anayempenda, kwa sababu mtu huyo ameshindwa kujisamehe.

Hapa Bell ameachana na mkondo wa zamani. Katika hadithi ya watoto ya Heidi, Klara anainuka kwenye kiti cha magurudumu na kutembea, 1881. Katika The Secret Garden, 1911, Colin, mvulana aliyedhaniwa hawezi kutembea, naye anasimama bustanini. Mtoto aliyezoea vitabu hivyo, naye miguu yake haitapona, anajifunza nini? Cece anamaliza kitabu na mashine yake kifuani. Kilichobadilika ni kwamba ameacha kuificha: anawaambia wenzake darasani, na mwalimu akitoka wanafanya fujo zao huku yeye akisikiliza hatua za kurudi.

Martha naye anaambiwa siri ya shujaa, anakubali kuwa msaidizi wake, wanapatana. Kwangu mimi inakwenda haraka mno. Hatia ya muda mrefu vile haiyeyuki kirahisi, na ningependa Bell angempa Martha kurasa chache za kuhangaika. Wasichana wa darasa la tano niliowasomea walinikatalia katakata. Kwao kurudi tu kulitosha.

Haya, maswali. Mama mwenye kitenge cha kijani, naona mkono wako.